Je, Kuficha ni Kumlinda Mwenzio?

Mume wa Kayole amepimwa na kukutwa na virusi vya ukimwi. Ananyamaza "ili mama watoto asiumie." Je, huko ni kumpenda?

Zamani swali hili lilikuwa gumu. Mgonjwa wa kwanza nchini alitambuliwa mwaka 1984, lakini serikali ilingoja hadi 1999 kuutangaza ukimwi janga la kitaifa. Kusema kulileta aibu, na dawa haikuwepo. Hata hivyo, mwaka 1993 Kanisa lilianzisha mradi wa Dekania ya Mashariki hapa Eastlands; waliojitolea wakawahudumia wagonjwa majumbani. Aliyejulikana alipata wa kumtunza.

Mwaka 2006 dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali. Anayezimeza sawasawa hadi virusi visionekane katika kipimo cha damu hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Basi anayenyamaza leo anamlinda nani? Altareni mliahidiana katika afya na magonjwa. Mke atatimizaje ahadi kwa ugonjwa asioujua? Wala hataweza kumkinga mtoto aliye tumboni. (Wake nao huficha, tusiwalaumu waume pekee.)

Ukishindwa kuanza, mwombe mshauri wa kliniki awaketishe pamoja, kabla jamaa hawajajua.