Karibu na Jua, Mbali na Joto

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Julai, watu wa Dodoma hujifunika blanketi nzito. Upepo huvuma usiku juu ya nyanda za Ugogo, na asubuhi wachungaji huota moto kabla ya kufungulia ng'ombe. Mtu akituuliza sababu ya baridi hiyo, wengi wetu tutajibu upesi: "Jua limekwenda mbali."

Nasi tukitazama hesabu za wataalamu wa nyota, twaweza kudhani tumeshinda shauri. Maana ni kweli kwamba mwanzoni mwa Julai dunia huwa mbali na jua kuliko siku zote za mwaka, yaani kilometa milioni 152. Mwanzoni mwa Januari huwa karibu kuliko siku zote, kilometa milioni 147.

Lakini tusiharakishe. Katika Julai hiyo hiyo watu wa Italia hutokwa jasho. Na Januari, dunia ikiwa karibu na jua, milima yao hufunikwa na theluji. Kama umbali ungekuwa ndio sababu, dunia nzima ingeona baridi pamoja. Sababu basi ni nyingine. Dunia huzunguka hali imeinama kwa nyuzi 23 na nusu. Upande ulioelekea jua hupata joto, na upande uliogeuzwa hupoa. Tena Dodoma iko juu, yapata meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi usio na mawingu hauzuii joto lisipotee.

Mbona basi dunia husogea karibu na kwenda mbali? Kwa sababu njia yake si duara kamili. Chomeka vigingi viwili katika uwanja wa nyumba yako, uvizungushie kitanzi cha kamba kilicholegea, kisha uivute kamba kwa kijiti na kuchora chini ukiizunguka. Utapata duara iliyorefuka kidogo, nayo huitwa duaradufu. Njia za sayari zote ni za namna hiyo, ingawa iliyo ya dunia yakaribia sana kuwa duara. Jua liko mahali pa kigingi kimoja, na mahali pa cha pili ni patupu.

Jambo hili alilitangaza Johannes Kepler mwaka 1609. Kwa muda mrefu yeye pia aliamini kwamba njia za mbinguni lazima ziwe duara kamili. Lakini hesabu yake ya Mirihi ilikataa kulingana na vipimo alivyoviacha Tycho Brahe, na tofauti ilikuwa ndogo mno. Kepler hakuificha tofauti ile. Aliiacha duara aliyoipenda akaufuata ukweli. Akaona tena kwamba sayari ikiwa karibu na jua huenda mbio, na ikiwa mbali huenda polepole. Lakini hata ikiwa mbali, jua hulishikilia lisipotee. Sehemu ya mbali nayo ni sehemu ya njia.

Tutazame na majirani zetu. Utaridi iko karibu na jua kuliko sayari zote, wastani wa kilometa milioni 58. Zuhura iko kilometa milioni 108. Mshtarii iko kilometa milioni 778, na Neptuni kilometa milioni 4,500. Ipi yenye joto kupita zote? Si Utaridi, bali Zuhura, kwa sababu hewa yake nzito hulishika joto. Utaridi huungua mchana, lakini kwa kuwa karibu haina hewa, usiku wake hushuka hata digrii 180 chini ya sifuri. Yapokea joto jingi, lakini haina cha kulihifadhia.

Ndugu Wakristo, je, hatuwajui watu wa namna hiyo? Nyumba yao inapakana na kanisa, kengele huwaamsha, Jumapili huketi benchi la mbele. Jumatatu jioni mioyo yao imekwisha kuwa baridi. Mjane abisha mlangoni naye hafunguliwi. Tena yupo mama wa kigango cha mbali huko Bahi au Kongwa, amwonaye padre mara chache, naye anamlea yatima wa jirani yake pamoja na wanawe. Ni nani kati ya hao aliyeelekea jua?

Wazee wa Ugogo walisimulia njaa iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Mvua ilikosekana, ndiyo. Lakini kabla yake majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe, na wanaume wa kubeba mizigo. Wengi walikufa. Jua halikuiacha njia yake hata siku moja. Waliogeuka ni wanadamu.

Kwa hiyo, wakati wa ukame au msiba, tusiseme kwamba Mungu amehama. Yule baba wa mwana mpotevu hakuhama nyumbani kwake. Mwana ndiye aliyeondoka, na mwana ndiye aliyepaswa kugeuka.

Nasi tuanze kugeuka katika jambo dogo lililo mikononi mwetu. Julai mtama na uwele umekwisha kuingia ghalani, na mnunuzi yuko mlangoni na bei yake ndogo. Tusiuze chote. Kila jamaa iweke kando walau debe moja kwa ajili ya jirani. Januari itafika, dunia itakuwa karibu na jua kuliko siku zote, na katika nyumba nyingi za nchi ya kati jiko litakuwa halina moto. Siku hiyo yule jirani hatatuuliza tunakaa umbali gani na kanisa. Atatazama kama mlango wetu umefunguliwa.