Udhuru wa Willoughby

Katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Sense and Sensibility, iliyotolewa Uingereza mwaka 1811, kijana Willoughby alimzuru Marianne kila siku, akamsomea mashairi, akakata kishungi cha nywele zake akakitia mfukoni. Kisha alikwenda London bila kutamka neno la posa, akaoa binti mwingine mwenye mali ya pauni 50,000.

Marianne aliugua karibu ya kufa. Usiku wa dhoruba Willoughby alifika mbio kujieleza kwa Elinor, dada wa mgonjwa. Alikiri kwamba mwanzoni alikuwa akijifurahisha tu, baadaye akapenda kweli. Lakini alikuwa na madeni, na jamaa yake tajiri, Bibi Smith, alikuwa amemfukuza kwa sababu alimtia mimba msichana mmoja akamtupa. Elinor alimwonea huruma. Nami nilipokisoma kitabu hiki ujanani nilimhurumia pia.

Je, aliyependa kweli kisha akasaliti ana hatia ndogo kuliko aliyedanganya tangu mwanzo? Msomaji wa Kisii au Nyamira aweza kulipima swali hili kwa desturi ya wazee wake. Wagusii wa zamani hawakuanza kwa kuuliza moyo wa mposaji. Mshenga, aitwaye esigani, alizichunguza nyumba zote mbili. Kisha ng'ombe walipelekwa kwa baba wa binti. Mara nyingi walikuwa ng'ombe walioingia nyumbani kwa ndoa ya dada wa kijana, hata neno lake likawa limebeba haki ya watu wengi. Siisifu desturi hiyo katika yote, maana maskini alingoja miaka, na binti hakuulizwa sikuzote. Lakini ilimtaka mtu aonyeshe penzi lake kwa kitu kinachomwuma.

Willoughby alitakiwa kutoa raha yake, akakataa. Kwa Wagusii ng'ombe hutoka upande wa mume. Yeye alijifanya ng'ombe, akaingia zizi la mwenye pauni. Basi penzi lake halimpunguzii hatia. Mwongo huvunja asichokijua thamani, Willoughby alikijua.

Baadaye Bibi Smith alimsamehe, naye akatambua kwamba kama angalimtendea Marianne kwa heshima, huenda angalipata mke na mali pia. Wanafunzi wengi wangependa afe kwa majuto. Austen alimwacha hai, na farasi wake na mbwa wake, na siku nyingine akifurahi.