Nani Aonje Kwanza?

Kuna swali linanikera, na kila nikilianzisha kijiweni wenzangu wananiambia nimezidi. Ni hili: ukipewa kitu bure, unadaiwa?

Kitu chenyewe ni PostgreSQL, programu ya kanzidata, yaani daftari la ndani ya kompyuta linalotunza mamilioni ya kumbukumbu. Ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na jina hili ililipata 1996. Haiuzwi. Yeyote anaichukua, anaifungua tumbo, anaibadili. Kila mwaka linatoka toleo jipya, kwa kawaida Septemba au Oktoba, na miezi kadhaa kabla yake hutangulia toleo la majaribio. Watengenezaji wanasema wazi: msiliweke kwenye kazi halisi, ila litwisheni mzigo kama wenu, mwone linakwama wapi, kisha mtuandikie.

Mimi sikuwa nafanya hivyo. Natunza mahesabu ya chama cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu, kazi ya kuganga njaa huku riwaya yangu ikisubiri. Desturi yangu ilikuwa ya wajanja: toleo likitoka, subiri, wengine waumie kwanza.

Kilichonigutua ni habari ya toleo la 14. Lilijaribiwa kuanzia Mei 2021, likatoka rasmi Septemba 30 mwaka huo, na kosa moja likapita katikati ya miguu ya wote. Ukijenga upya faharisi, kile kiorodha cha kutafutia, bila kusimamisha kazi ya daftari, kumbukumbu nyingine zingeweza kuachwa nje. Kimya kimya. Jina lipo ukurasani, lakini ukilitafuta kupitia faharisi unaambiwa hakuna. Dawa ilikuja na 14.4, Juni 16, 2022. Hebu fikiri mama muuza vitumbua anakuja na kijitabu chake cha michango, nami namtazama usoni: "Mama, jina lako halimo."

Jamaa mmoja akanibishia. "Leseni inasema wanakupa ilivyo, bila dhamana. Hawakukuahidi kitu, na wewe hukuwaahidi. Deni litoke wapi?" Ni kweli leseni inasema hivyo, na siku ile nilikosa jibu. Lakini leseni ni ya mahakamani. Mjanja anayesubiri wengine waumie anahitaji hao wengine wawepo. Wote tukiwa wajanja, Septemba tutapakua sufuria ambayo hakuna aliyeionja.

Basi nikajitosa. Na hapo ndipo swali lilipogeuka likanitazama mimi.

Jaribio la maana linataka data inayofanana na ya kweli, vurugu zake zote. Majina kumi ya kubuni hayafichui kitu. Nikanakili daftari lote la chama, watu mia mbili na ushei, madeni yao, namba zao za simu, kwenye kompyuta niliyoazima kwa rafiki. Mambo yakaenda safi kabisa, nikalala. Usiku nikashtuka: rafiki yangu sasa anaweza kusoma nani anadaiwa nini mtaa mzima! Nilikuwa nalipa deni langu kwa mali ya watu, na hata sikuwaomba.

Asubuhi nikafuta. Nikakaa siku tatu naandika programu ndogo ya kuzua wanachama: elfu hamsini, wenye marejesho ya kuchelewa, wenye majina yanayofanana hadi la babu, waliofariki wakiacha mkopo. (Utunzi wa riwaya umenifaa, jamani.) Kosa sijalipata bado, naendelea kulitafuta.

Rafiki anaapa hakufungua faili lolote. Namwamini, lakini wenye majina yao hawajui kama kuna jambo la kuamini. Jumamosi tuna mkutano wa chama. Nimeomba dakika tano kwenye mengineyo, na mwenyekiti kaniuliza za nini.