Rovu, Kadari na Chumvi

Mtu wa Vitongoji, Pemba, akiota rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, neno la kwanza la jirani huwa la kumliwaza: ndiyo majaaliwa. Neno hilo limebeba imani, wala silidharau. Lakini majaaliwa si jina la kila jambo tulilokosa kuuliza chanzo chake, na tezi iliyotolewa kwa upasuaji ni shahidi mwenye la kusema. Ikipasuliwa, mara nyingi hutokeza mafundo makubwa kwa madogo, yanayong'aa kwa ute mzito wa kahawia, na baina yake makovu, damu ya zamani, pengine hata chokaa. Chini ya hadubini huonekana vifuko vya duara, vingine vimefura kwa ute hata kuta zake zikawa nyembamba. Hayo ni maandishi ya mwili uliohangaika miaka mingi: madini joto (iodini) ambayo tezi huyahitaji yalipopungua, ubongo uliihimiza tezi, nayo ikazidisha chembe zake ili inase kile kidogo kilichopo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwakuta na rovu asilimia 21.3 ya watoto wa shule Unguja, na asilimia 32 Pemba. Chumvi yenye madini joto ilikuwamo katika asilimia 63.5 ya nyumba za Unguja. Pemba ilikuwa asilimia 1 tu. Bahari ni moja, dini ni moja, chumvi ndiyo iliyotofautiana. Atakayesema kwamba walaji samaki hawawezi kupungukiwa, vipimo vya mkojo vya watoto hao wa Pemba, vilivyoonyesha upungufu, vinamjibu. Atakayesema kwamba si kila rovu limetokana na upungufu, amesema kweli: lipo la kinga ya mwili kuishambulia tezi, na ipo saratani. Ndiyo maana kila tezi inayotolewa inastahili kusomwa maabara. Lakini kuwapo kwa visababu vingine hakukifuti kile tunachoweza kukiondoa.

Pingamizi zito ni la kadari: kilichoandikwa kitakuwa. Naam, lakini Aliyekadiria maradhi ndiye aliyekadiria dawa, na chumvi nayo imo katika kadari Yake. Subira ni ibada ya mgonjwa anapolala mezani, akijua kwamba mshipa wa fahamu wa sauti yake unapita jirani na kisu. Haiwezi kuwa kisingizio cha wazima. Hakuna mama anayeweza kunyunyizia madini joto chumvi ya soko zima. Hilo ni la mzalishaji, mchuuzi, mkaguzi na serikali. Sheria yetu ya Kiislamu ina jina la wajibu wa namna hiyo: fardhi kifaya. Maiti asipopata wa kumzika, dhambi hulishika kundi zima. Sioni kwa nini shingo ya mtoto aliye hai iwe na haki ndogo kuliko maiti. Mgonjwa atalipwa kwa subira yake. Sisi wengine tutaulizwa kuhusu chumvi.