Mali Iliyozama ni ya Nani?

Kupoteza ni ada ya binadamu, na kuokota vilevile. Lakini baina ya mambo hayo mawili lipo swali ambalo watu wengi hulipita mbio: kitu kikimponyoka mtu mkononi na kuzama majini, je, huwa kimetoka pia katika milki yake? Mtoto huliona jibu kuwa jepesi: aliyekiona ndiye mwenyewe. Kadhi haoni hivyo, wala hakimu, wala mjane ambaye pete aliyovishwa na marehemu mumewe imelala chini ya tope. Zamani swali hili halikuwasumbua wengi, kwa kuwa maji yalikuwa kufuli isiyo ufunguo. Siku hizi ufunguo umepatikana.

Ufunguo huo ni mashine ya kutambua madini. Ni chombo cha ajabu, ingawa si cha uchawi. Mwishoni mwa mpini wake pana duara la waya. Umeme ukipita katika waya huo hutoa nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika. Nguvu hiyo ikifikia dhahabu, fedha, shaba au chuma, huamsha humo mikondo midogo ya umeme. Na mikondo hiyo hurudisha jawabu ambalo mashine huligeuza kuwa mlio katika masikio ya mzamiaji. Zipo mashine zisizoingiza maji, na baadhi yake hutuma umeme kwa mapigo mafupi mafupi, ili zisidanganywe na maji ya chumvi, ambayo nayo hupitisha umeme. Huko Ulaya na Marekani wako watu ambao kazi yao, au burudani yao, ni kuzama katika maziwa na kutafuta pete na mikufu iliyowaponyoka waogeleaji. Hata hivyo chombo hicho kina upungufu wake. Pete ndogo ya dhahabu na kipande cha bati la kopo la soda huweza kutoa milio inayokaribiana sana. Mashine hujua kwamba kipo kitu. Haijui vema ni kitu gani, na haijui kabisa ni cha nani. Elimu hiyo ya mwisho imeachiwa dhamiri ya mtu.

Mahali pafaapo kulipima swali hili ni delta ya Rufiji na nchi ya Kibiti. Mto Rufiji, kabla ya kuingia katika Bahari ya Hindi mkabala wa kisiwa cha Mafia, hugawanyika mikono mingi katikati ya mikoko iliyoenea zaidi ya hektari 50,000, nayo ni mikoko mingi kuliko iliyo pamoja mahali pengine popote katika Afrika ya Mashariki. Upande wa bara, katika uwanda wa mafuriko, yako maziwa kama Ruwe, Utunge na Zumbi, ambayo mto huyajaza unapofurika. Hapo maji hayatulii mahali pamoja: hula ukingo huu na kujenga ule, hufunika leo na kufunua kesho. Wavuvi, wakulima wa mpunga na abiria wavukao kutoka Nyamisati kwenda Mafia huishi juu ya maji hayo maisha yao yote. Na kwa mwanamke wa pwani, kipini, bangili au mkufu wa dhahabu si pambo tupu. Ni mahari yake, ni urithi wa mama yake, ni rehani siku ya ugonjwa na ada ya mtoto siku ya shule. Chombo kikiyumba na mkufu ukakatika, kinachozama ni akiba ya nyumba nzima.

Tuanze basi na kitu ambacho mwenyewe yu hai. Hapa sheria za watu zimekubaliana kuliko inavyodhaniwa. Sharia ya Kiislamu, ambayo watu wengi wa pwani huifuata katika mambo yao, inamtaka mwokotaji wa kitu chenye thamani akitangaze kwa muda wa mwaka mzima. Mwaka ukipita bila ya mwenyewe kutokea, ana ruhusa ya kukitumia, lakini mwenyewe akija baadaye na kukitambulisha, hurudishiwa kitu chake au thamani yake. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nayo humtoa hatiani mwokotaji asiyemjua mwenye mali na anayeamini, kwa sababu za haki, kwamba hawezi kupatikana. Maana yake ni kuwa yule anayemjua, au awezaye kumjua kwa kuuliza, akanyamaza, hana udhuru. Sheria za bahari hali kadhalika humpa mwokozi wa mali ujira, wala hazimpi mali yenyewe kwa sababu tu ameiokoa.

Ni kweli kwamba baadhi ya wanazuoni wa zamani walihitilafiana juu ya mali ya jahazi lililozama: wengine walimpa mzamiaji kile alichokitoa kwa kuzama, kwa hoja kwamba wenyewe walikwisha kata tamaa nacho. Lakini hoja hiyo yenyewe inasimama juu ya nguzo moja, nayo ni kukata tamaa. Na kukata tamaa ni tendo la moyo wa mwenye mali. Si haki ya mwokotaji kumkatia mwenzake tamaa. Aidha, mtu aweza kukata tamaa ya kupata bila ya kuridhia kupoteza. Mwanamke aliyeacha kuutafuta mkufu wake ziwani hakumpa mtu yeyote mkufu huo. Ameshindwa na maji tu. Na kushindwa si kutoa.

Pengine mtu atasema: haya ni ya walio hai; wafu hawadai. Basi na tulitazame Ziwa Viktoria. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa, wengi wao wakiwa ndani yake. Pete zao zilikwenda pamoja na vidole vyao. Kwa mujibu wa mirathi, mali ya mtu huelekea kwa warithi wake tangu pumzi yake ya mwisho, wala hakuna sharti kwamba pumzi hiyo itoke nchi kavu. Kwa hiyo mtu aendaye na mashine kusikiliza mahali kama hapo hasikilizi mali isiyo na mwenyewe. Yuko katika chumba cha maiti, na wafiwa wako mlangoni. Wafu hawadai, lakini warithi wapo, na heshima ya kaburi haipungui kwa kuwa kaburi ni la maji.

Hapo ndipo Rufiji inapotoa mfano mgumu zaidi. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Baadhi ya mabaharia waliokufa walizikwa katika kisiwa cha Chapwani. Königsberg ikajificha katika delta ya Rufiji, ikafungiwa humo kwa miezi mingi, na tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na manowari Severn na Mersey, mabaharia wake wenyewe waliivunja na kuizamisha. Mizinga yake yote 10 iliopolewa, ikakokotwa hadi Dar es Salaam kwa nguvu za Waafrika wengi, ikapigana tena nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo umewekwa Mombasa hadi leo. Kisha vita vikaisha, na mwaka 1924 nahodha wa zamani wa Pegasus, yaani yule yule ambaye meli yake ilizamishwa, alinunua haki ya kuopoa vitu katika mabaki ya Königsberg kwa pauni 200, akawatuma wazamiaji kutoa shaba na madini mengine yasiyo chuma. Alipomaliza akaiuza haki hiyo kwa wengine. Chovya chovya humaliza buyu la asali: uopoaji uliendelea hadi miaka ya 1960, na mwaka 1966 mabaki yaliporomoka na kumezwa na tope la mto.

Kijana wa delta akiisoma habari hii ana haki ya kuuliza swali lenye uchungu. Mgeni alilipa pauni 200, akapewa karatasi, akaitwa mnunuzi. Mwenyeji asiye na karatasi akitoa kipande cha shaba katika mto wa babu zake, ataitwa mwizi. Kwa nini dhamiri idaiwe kwa maskini peke yake? Mtu ambaye hana shilingi ya dawa, na maji yamemtupia dhahabu, kwa nini atangaze mwaka mzima hali matajiri hawakutangaze hata siku moja?

Hoja hii haifai kujibiwa kwa dharau, maana nusu yake ni haki tupu. Karatasi haigeuzi uporaji kuwa halali. Huupa adabu tu. Haki ya kuiuza meli ile ilitolewa bila ya kuwauliza watu wa Salale wala wa Nyamisati, ambao ndio waliokaa kati ya mizinga ya pande mbili zisizowahusu. Lakini nusu ya pili ya hoja ina kasoro. Dhuluma ya mwenye nguvu ni sababu ya kumdai mwenye nguvu. Si sababu ya kumdhulumu mjane wa Nyamisati aliyepoteza bangili. Mkufu uliozama katika delta aghalabu si wa nahodha wa Kiingereza. Ni wa jirani. Maskini akijihalalishia cha maskini mwenzake kwa kisa cha tajiri, tajiri hapungukiwi kitu, na maskini wawili huwa wameibiwa: mmoja mali yake, na mwingine uaminifu wake, ambao kijijini ndio mtaji wa asiye na mtaji. Linalomstahili mwokotaji maskini ni ujira mwema na wa wazi, ili kurudisha kusiwe hasara. Jamii imtakayo mtu awe mwaminifu kwa gharama yake mwenyewe haijui bei ya uaminifu.

Wala mtu asidhani kwamba kuopoa ni dhambi. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, mitambo ikiwa imepakwa mafuta ili isioze. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na mizigo ya watu wa ziwa hilo kwa miongo mingi. Königsberg iliopolewa ikawa vipande sokoni. Liemba iliopolewa ikawa njia ya wote. Maji yalikuwa yale yale na ustadi ule ule. Tofauti ni nani aliyekusudiwa kufaidika.

Iko aina ya tatu ya vitu, ambavyo mwenyewe hajulikani wala warithi wake hawahesabiki. Karibu na Kibiti, mahali paitwapo Mkukutu, mtaalamu wa mambo ya kale Profesa Felix Chami alichimbua shanga za kioo za zama za Warumi, akatangaza habari zake mwaka 1999. Shanga hizo hazikutoka majini, ila mafunzo yake yanawahusu wazamiaji wote. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinataja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani hii, na vyombo vya chuma na vitu vya kioo vilivyoletwa huko. Wanachuoni hawajakubaliana Rhapta ulikuwa wapi, lakini shanga za Mkukutu zimekuwa shahidi katika shauri hilo. Ushahidi wake uko wapi? Si katika kioo, maana kioo ni rahisi. Uko katika mahali zilipolala na udongo uliozizunguka. Lau mtu angalizitia mfukoni na kuziuza mnadani, angalipata senti chache, na nchi ingalipoteza ukurasa wa historia yake. Ndiyo sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ikavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unahesabu kuwa urithi vitu vya kale vilivyokaa chini ya maji kwa miaka 100 au zaidi, na kushauri kwamba kwanza ifikiriwe kuviacha mahali pake. Kwa kipimo cha sheria ile ya 1964 Königsberg ni changa mno. Kwa kipimo cha mkataba ilifikia umri huo mwaka 2015, baada ya kwisha kuliwa.

Jambo moja la kutia tafakuri limebaki. Mashine ya madini isingalizisikia shanga za Mkukutu, kwa kuwa husikia madini, na kioo kwake ni kimya. Vivyo hivyo haiwezi kuwasikia wapagazi wa vita ile ile ya 1914 hadi 1918, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na mizigo katika Afrika ya Mashariki, na mabonde ya Rufiji yalikuwa miongoni mwa mahali palipowachosha zaidi. Hawakuvaa dhahabu, na majina ya wengi wao hayakuandikwa. Hasara kubwa kuliko zote iliyozama katika nchi hiyo haitoi mlio wowote.

Kwa hiyo jibu ni hili. Maji hayafuti milki, huificha. Anayekipata kilichofichwa hapati mali kwanza, bali hupata amana, na amana hiyo ina mambo matatu: kuuliza ni cha nani, kusema kilipatikana wapi, na kukifikisha kwa mwenyewe, kwa warithi wake, au kwa umma ambao ndio mrithi wa wasio na warithi. Akiisha kuyatimiza hayo na asitokee mdai, basi ale kwa halali, na asionewe choyo. Lakini anayeanza kwa kula, hata kama alizama pima ngapi, hajatafuta kitu kilichopotea. Amekipoteza mara ya pili.