Nani Asimame Karibu na Kamba?

Kila mwaka, kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Desemba, udongo mwekundu wa milima yetu hulainika na magari hukwama. Hapa Kigali barabara kuu zimetiwa lami. Lakini ukiiacha lami na kuteremka kuelekea bonde la Nyabarongo, au ukipanda njia za udongo za vitongoji vipya, si ajabu kukuta gari limezama hadi kwenye ekseli na watu wamelizunguka. Jambo hili ni la kawaida mno hata twaliona halina la kufikiriwa. Watu huja, husukuma, huvuta, gari hutoka, dereva hutoa shukrani au noti, akaenda zake. Twakusudia kulitazama tendo hilo kwa makini kidogo, kwa kuwa ndani yake limo swali zito: mtu aliyekwama ana haki gani juu ya mwili wa yule anayekuja kumkwamua?

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kitenzi kukwama ni cha jamaa moja na kuinama, kugandama na kulowama: vyote vyaeleza hali iliyokwisha kutulia, wala havimtaji aliyeileta. Gari limekwama, twasema, kana kwamba lilijipeleka lenyewe topeni. Kukwamua ni cha ukoo wa kufungua na kuzibua. Hapa hapana budi awepo mtenda, na mtenda huyo ana mikono, miguu na kifua. Hivyo dereva aweza kujificha ndani ya kitenzi cha kwanza, na jirani akatokeza mzimamzima katika cha pili. Hatudai kwamba lugha ina hila. Mwenye hila, akiwapo, ni msemaji.

Sasa kuhusu hatari yenyewe, ambayo wengi hawaijui. Mtu akiiona kamba iliyokazwa kati ya magari mawili, huidhani kuwa imetulia. Kumbe kamba ya nailoni huvutika kama mpira na kuweka nguvu ndani yake. Na gari linalovuta likijitupa mbele kwa mwendo maradufu, nishati ya mwendo wake huwa mara nne. Ikikatika, au kulabu iking'oka, ncha yake hurudi kwa kasi isiyokwepeka. Mnyororo na waya wa chuma navyo si salama zaidi. Lililo baya kuliko yote ni kufunga kamba kwenye kile kipira cha kuvutia tela: kimeundwa kwa mzigo unaofuata taratibu, si kwa mshtuko, nacho kikivunjika huruka kama risasi na kupenya kioo. Watu wamekufa kwa namna hiyo katika nchi mbalimbali, wengine wakiwa watazamaji tu.

Dereva aliyekomaa huacha kukanyaga mafuta mara tu magurudumu yanapozunguka mahali pamoja, kwa kuwa kila mzunguko huchimba shimo zaidi. Hushusha abiria na mizigo. Huchimba tope lililo mbele ya magurudumu na lililoshikilia tumbo la gari, hupunguza upepo wa matairi ili yakanyage mahali papana, hutandika mawe, matawi au mbao. Mara nyingi hayo yatosha, na kamba haihitajiki kabisa. Ikihitajika, huifunga kwenye ndoano iliyoshikamana na chasisi, hutupia katikati yake koti zito au gunia lenye mchanga ili ikikatika isiruke mbali, kisha huwarudisha watu wote nyuma, kwa umbali usiopungua urefu wa kamba mara moja na nusu, wala haruhusu mtu asimame kwenye mstari wa mvuto. Na hakuna aingiaye chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki juu ya tope.

Ni mara ngapi tumeona watu wakirudishwa nyuma? Sisi tumeona watoto waliotoka shule wakiiruka kamba iliyokazwa, huku wakubwa wakicheka.

Yamkini msomaji atajibu kwamba wasaidizi hao wamekuja wenyewe, tena wamelipwa. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi: wako vijana ambao mahali pabovu pa barabara ni shamba lao la masika, na hatuoni sababu ya kuwalaumu. Bei na wapatane. Ila mtu hukubali jambo analolijua. Kijana anajua kwamba atatapakaa matope na kwamba mgongo utamuuma. Kwa hayo ameridhia. Hajui lolote kuhusu kulabu. Dereva anayejua akanyamaza amechukua kitu ambacho hakikuwamo katika mapatano, na noti ya pili haiwezi kukilipia kwa kuwa mwenyewe hajui kwamba kimechukuliwa. Na dereva asiyejua je? Huyo, kwa maoni yetu, alipaswa kujifunza kabla ya kuiacha lami, kama vile alivyopaswa kujifunza breki.

Tulinganishe na umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Mkubwa na mdogo hushika jembe, na jembe laweza kumkata yeyote kati yao. Penye kamba sivyo. Aliye ndani ya gari amezungukwa na chuma. Asukumaye hana hata viatu vya maana. Hatari haikugawanywa sawasawa, na aliye salama zaidi ndiye anayetoa amri.

Lipo pingamizi lingine lenye uzito zaidi, nalo ni la dharura. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam kwa barabara ndefu ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Madereva waliifananisha na jehanamu. Hadi bomba la mafuta lilipoanza kazi mwaka 1968, kila lori lililozama topeni lilikuwa ni upungufu kwa taifa zima. Je, katika hali kama hiyo yafaa kuuliza nani amesimama wapi? Twasema ndiyo, yafaa, kwa kuwa kumrudisha mtu hatua ishirini huchukua dakika moja tu, na hakuna taifa lililoangamia kwa dakika hiyo.

Tena dharura ya kweli aghalabu si ya gari. Akiwamo ndani mama mwenye uchungu wa kuzaa, anayehitaji kufika ni yeye. Wazee wa Rwanda walilijua hilo kabla ya magari: mgonjwa alilazwa katika ingobyi, machela ya kusukwa, na majirani wakambeba kwa zamu mabegani hadi penye tiba. Gari lilazwe topeni hata asubuhi. Litapata kutu kidogo, na mwenyewe atapata hasara, wala hatuidharau hasara hiyo, hasa kwa mwenye gari la mkopo.

Tuliliweka suala hili mbele ya wanafunzi wetu wa insha. Wengi walikubaliana nasi upesi mno, kama wanafunzi wafanyavyo. Mmoja, ambaye baba yake ni dereva wa lori, alikataa. Alisema ni vigumu kumwambia mtu aliyeacha shamba lake aje kukusaidia kwamba asogee mbali; ataona unamfukuza, au unamwona mjinga, na pengine ataondoka na wenzake. Twakiri kwamba hapo pana ugumu kuliko penye kamba. Adabu yetu hairuhusu mgeni kumwamuru mwenyeji. Basi tulitumia saa nzima ya kipindi kutafuta maneno yafaayo, na darasa likapatana juu ya haya: "Wazee wangu, na nyinyi ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kamba hii yaweza kukatika ikaua. Nawaomba twende sote nyuma ya ule mti, abaki mmoja tu kwenye usukani, naye nitakuwa mimi."