Haki Iliyocheleweshwa

Mapinduzi huanzaje, nayo huishia wapi? Na tutazame mataifa mawili. Ufaransa, mwaka 1789, mkate ulikuwa ghali, na mkulima alilemewa na kodi ambazo wakuu, na hata mapadre, walisamehewa. Urusi, mwaka 1917, wanawake wa Petrograd walingojea mkate kwa foleni, na waume zao wakifa vitani. Kote wanyonge waliomba, wakanyimwa, wakainuka. Kisha ikaingia hofu: kila mpinzani akaitwa msaliti. Robespierre, aliyetaka adhabu ya kifo ifutwe mwaka 1791, aliwapeleka wengi kuuawa, naye akakatwa kichwa Julai 1794. Bukharin, mwenzi wa Lenin, alipigwa risasi mwaka 1938. Na mwisho? Napoleon akajifanya Kaisari mwaka 1804. Stalin akatawala kwa mkono mzito kuliko Tsar aliyeondolewa.

Hatusemi maskini wanyamaze. Mkulima wa Ufaransa aliondolewa ushuru wa mabwana, na hiyo ilikuwa haki yake. Twasema hivi: anyimaye haki ndiye apandaye mapinduzi, naye aitafutaye kwa damu ya wasio na hatia hujitayarishia bwana mpya. Wote wawili watatoa hesabu.